Kuhara Damu Kusikopona Kusiitwe Amiba Kila Siku: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Nakala: Wataalamu wanaopitia Mwongozo wa Matibabu na Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu.

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, naomba nilitaje ombi langu mapema ili hoja zitakazofuata zijulikane zinakoelekea. Naomba Mwongozo wa Matibabu, katika toleo lijalo, utamke waziwazi kwamba mtu anayehara damu na kamasi kwa zaidi ya wiki nne, au aliyetibiwa amiba mara mbili bila kupona, asiandikiwe dozi ya tatu ya metronidazoli. Apimwe upya, na vipimo vya maambukizi visipoonesha kitu apewe rufaa ya kolonoskopi, kile kipimo cha kamera kinachopita njia ya haja kubwa, na achukuliwe kinyama kipelekwe maabara. Wapo Watanzania wanaozunguka kutoka zahanati hadi kituo cha afya, kutoka duka la dawa hadi kwa mganga wa kienyeji, wakiwa na ugonjwa unaojulikana na wenye dawa, lakini kila wanapofika wanaambiwa neno lilelile: amiba. Wakichoka na amiba wanaambiwa taifodi, kisha vidonda vya tumbo, kisha bawasiri. Barua hii ni kwa ajili yao.

Magonjwa ninayoyasemea ni mawili, kolaitisi ya vidonda na ugonjwa wa Crohn. Kwa pamoja nitayaita magonjwa ya uvimbe sugu wa utumbo, nikikusudia ukuta wa utumbo uliovimba, ukawa mwekundu, ukachubuka na kutoa damu, wala si uvimbe wa saratani. Kolaitisi ya vidonda huanzia kwenye puru ikapanda ndani ya utumbo mpana bila kuruka sehemu, na hushambulia utando wa ndani tu. Crohn yaweza kutokea popote kuanzia mdomoni hadi njia ya haja kubwa, huruka sehemu na kushika nyingine, na hupenya unene wote wa ukuta. Ndiyo maana huacha makovu yanayobana njia ya chakula, pengine na fistula zinazounganisha utumbo na ngozi, kibofu au uke. Yote mawili huwapata zaidi vijana na watu wazima wenye nguvu, ingawa mtoto na mzee hawakuepushwa. Daktari Samuel Wilks aliieleza kolaitisi ya vidonda mjini London mwaka 1859. Crohn ilielezwa mwaka 1932 na madaktari watatu wa Hospitali ya Mount Sinai, New York, yaani Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer. Tangu hapo imejulikana kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, huendelea kupigana ndani ya utumbo hata pasipo adui. Urithi unachangia, mazingira yanachangia, bakteria wanaoishi tumboni wanachangia, na hakuna kimoja kinachotosha peke yake. Ugonjwa hauambukizi. Hauletwi na uchafu wala na mkono wa mtu. Hauna dawa ya kuuondoa moja kwa moja, lakini unaweza kutulizwa kwa miaka mingi, mtu akasoma, akafanya kazi na akazaa.

Pingamizi la kwanza nalijua kwa sababu limekaa vichwani mwetu muda mrefu: kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Halikutoka hewani. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda, na Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, waliandika kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyojaa Ulaya yalikuwa adimu katika hospitali za Afrika Mashariki. Waliyoyaona waliyaona kweli. Lakini waliandika juu ya nyakati ambapo kolonoskopi haikuwapo katika hospitali hizo, walioishi mijini walikuwa wachache, na mgonjwa aliyehara damu miezi sita mara nyingi alifia kijijini. Maneno yao ya miaka hiyo yamegeuzwa kuwa kanuni ya leo, na daktari kijana aliyefundishwa kwamba ugonjwa haupo hawezi kuutafuta. Asipoutafuta hauoni. Asipouona, takwimu zinathibitisha kwamba haupo.

India nayo ilikaa ndani ya mzunguko huo. Ilisemwa kwamba kolaitisi ya vidonda ni adimu kule, kwa kuwa nchi ina joto, ina minyoo, ina kuhara kwa kila aina. Mwaka 1999 watafiti wa Ludhiana, jimbo la Punjab, waliamua kwenda nyumba kwa nyumba. Waliwahoji watu 51,910, wakawapima waliokuwa na dalili, na wakapata wagonjwa 23, sawa na watu 44 hivi kwa kila 100,000. Kiwango hicho kiliondoa kabisa dhana ya uadimu. Punjab hiyohiyo ilikuwa na amiba na kifua kikuu. Havikuuzuia ugonjwa kuwapo, vilichofanya ni kuuficha. Leicester, Uingereza, kuna ushahidi wa upande mwingine. Katika mji huo walihamia Wahindi wengi kutoka Uganda na Kenya, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza mwaka 1972, na watafiti walipowahesabu wagonjwa miaka iliyofuata waliona kwamba kolaitisi ya vidonda ilitokea zaidi kwa wenye asili ya Kihindi kuliko kwa Wazungu wa mji uleule. Asili yao haikuwakinga. Na kwa makadirio ya utafiti wa mzigo wa magonjwa duniani, watu wenye magonjwa haya waliongezeka kutoka milioni 3.7 mwaka 1990 hadi milioni 6.8 mwaka 2017. Huko Ulaya na Amerika Kaskazini kasi ya wagonjwa wapya imeanza kutulia. Inapanda Asia, Amerika Kusini na Afrika, kule ambako watu wanahamia mijini na kubadili vyakula na maisha.

Sisemi kwamba Tanzania ina kiwango cha Punjab. Nasema hesabu hii inafaa kufanywa: sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na hata kama kiwango chetu kingekuwa robo tu ya kile cha Punjab, tungekuwa na wagonjwa zaidi ya 6,000 wa kolaitisi ya vidonda peke yake. Wako wapi? Naamini wengi wao wamo katika madaftari ya MTUHA, mfumo wa taarifa wa vituo vya afya, chini ya majina mengine. Mtu akija mara sita katika miaka miwili na kila mara akaandikwa kuhara damu, katika takwimu anahesabiwa kama matukio sita ya maambukizi yaliyotibiwa, hata kama ni mtu mmoja ambaye hakutibiwa hata mara moja. Na nchi hii, Mheshimiwa, haihitaji kufundishwa thamani ya daftari. Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma ulianza mwaka 1977, na kazi aliyoifanya hapa Dkt. Karel Styblo pamoja na wataalamu wetu, ya kumsajili kila mgonjwa, kumfuatilia hadi mwisho wa dawa na kuandika matokeo yake, ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa mkakati ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza ulimwenguni miaka ya 1990. Tulijua kuhesabu kwa kalamu na hadubini. Leo tunazo kompyuta.

Kuchelewa kuna gharama inayoonekana mwilini. Damu inayotoka kidogokidogo kila siku humaliza chuma, na msichana anayesemwa ni mvivu shuleni kumbe ana hemoglobini ya kumfanya ashindwe kupanda ngazi. Mtoto mwenye Crohn hudumaa, na balehe yake huchelewa. Dirisha la kukua likishafungwa, dawa haziwezi kulifungua. Utumbo uliobanwa na makovu huishia chumba cha upasuaji usiku, kwa dharura, mgonjwa akiwa amekonda na maji yamemwishia. Katika kolaitisi kali utumbo mpana unaweza kutanuka na kupasuka. Aliyeugua kolaitisi ya vidonda miaka 8 au zaidi, hasa ikiwa imeshika sehemu kubwa ya utumbo mpana, huingia katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya utumbo, na hapo ndipo uchunguzi wa kamera wa mara kwa mara unapopaswa kuanza. Lakini miaka 8 ya nani, ikiwa siku ya kwanza haikuandikwa popote? Juu ya hayo kuna aibu. Mtu anayekonda na kukimbilia chooni mara kumi kwa siku hunong'onwa kwamba ana UKIMWI, au kwamba amelogwa, na mengi huharibika kabla ya kipimo chochote: ndoa, kibanda cha biashara, nafasi ya chuo. Mwanafunzi wa bweni ambaye choo kiko mita mia kutoka darasani hujifunza kutokula kabisa ili asiende.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote linatoka kwa madaktari wenyewe, na wana haki ya kulitoa. Wanasema: dawa ya kwanza ya kutuliza uvimbe mkali ni prednisoloni, nayo hupunguza kinga. Ukimpa mwenye amiba ya kweli, utumbo unaweza kutoboka. Ukimpa mwenye kifua kikuu cha utumbo, kinasambaa. Ukimpa mwenye minyoo aina ya strongiloidi, minyoo hiyo yaweza kuongezeka na kumuua. Kwa hiyo, wanasema, afadhali kukosea upande wa maambukizi. Kila neno hapo ni kweli isipokuwa hitimisho. Hatari hizo ndizo sababu ya kupima vizuri, na mazoea ya leo hayapimi vizuri. Kopo la choo likifika maabara saa mbili asubuhi na kuachwa mezani hadi saa sita mchana, amiba hai waliokuwamo wamekwisha kufa na hawatambuliki tena. Hata kwenye choo kibichi, chini ya hadubini amiba anayekula ukuta wa utumbo anafanana na mwenzake asiye na madhara yoyote anayeitwa Entamoeba dispar. Dalili ya kuaminika ni kumkuta amiba hai akiwa amemeza chembe nyekundu za damu. Majibu mengi ya "amiba ameonekana" hayakufikia kiwango hicho. Kipimo cha Widal nacho, kikifanywa mara moja tu katika nchi ambayo watu wengi wameshakutana na vijidudu vya jamii hiyo, hakiwezi kuthibitisha taifodi. Tahadhari inayosifiwa inamwacha mgonjwa mikononi mwa vipimo viwili visivyoaminika.

Tena wanaotaka kumkinga mgonjwa na prednisoloni wasisahau kwamba anaipata. Anaipata dukani bila cheti, vidonge kumi leo na kumi mwezi ujao, kwa sababu jirani alimwambia kuna vidonge vidogo vyeupe vinavyokata kuhara. Vinakata kweli. Mwaka 1955 Sidney Truelove na Leslie Witts wa Oxford walichapisha jaribio lililoonesha kwamba kotisoni, ndugu ya prednisoloni, inawatuliza wagonjwa wa kolaitisi kuliko dawa bandia, na huo ulikuwa mwanzo wa tiba ya kisasa ya ugonjwa huu. Lakini dawa hiyo ni ya kuzima moto. Huanzwa kwa kipimo kamili, ikapunguzwa hatua kwa hatua kwa wiki kadhaa, ikaachwa, na nafasi yake kushikwa na dawa ya kulinda. Anayeijulia dukani huimeza kwa vipindi kwa miaka, uso ukamvimba, sukari ikapanda, mifupa ikalegea, macho yakaingia mtoto wa jicho, na kifua kikuu kilichokuwa kimelala kikaamka bila mtu kujua. Hatari yote waliyoiogopa madaktari inamfika, bila faida ya kusimamiwa na daktari.

Naomba nikae kidogo kwenye kifua kikuu, maana hapo ndipo busara ya daktari wa Tanzania inapojaribiwa zaidi. Kifua kikuu cha utumbo na Crohn hupenda kona ileile, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana. Vyote viwili huleta homa za jioni, kukonda, maumivu upande wa kulia chini ya kitovu, na vyote viwili huacha vidonda na makovu. Kinyama hakimalizi ubishi kila mara, kwa kuwa vijidudu katika utumbo ni vichache, na kipimo cha GeneXpert kinachosifika kwenye makohozi hukosa wagonjwa wengi wa utumbo. Madaktari wa Asia, waliokaa na tatizo hili miaka mingi, wana njia ambayo naomba tuichukue. Palipo na shaka ya kweli, mgonjwa huanzishiwa dawa za kifua kikuu kwanza, kisha baada ya miezi miwili au mitatu anarudishwa kwenye kamera. Kifua kikuu kwa kawaida huwa kimeanza kupona kwa macho, vidonda vimefunga. Visipofunga, daktari hufikiria Crohn kwa uzito, pamoja na uwezekano wa usugu wa dawa. Siri ya njia hiyo ni tarehe ya kurudi. Bila tarehe, jaribio hugeuka miezi sita, miezi sita ikawa duru ya pili, na mgonjwa wa Crohn anakunywa dawa za ugonjwa asionao huku utumbo unabana. Mwongozo ukiiandika tarehe hiyo, utakuwa umeokoa watu wa pande zote mbili. Kwa Mwanza, Geita, Mara na visiwa vya Ukerewe, mwongozo huohuo uongeze kichocho cha tumbo, kwa kuwa mayai yake kwenye ukuta wa utumbo huleta damu na kamasi zinazofanana kabisa na kolaitisi, na prazikwanteli ni rahisi kuliko kosa la utambuzi.

Sasa fedha. Nimesikia ikisemwa kwamba hata tukiutambua ugonjwa, dawa zake hatuziwezi. Anayesema hivyo anafikiria sindano za kisasa, ambazo ya kwanza kwa ugonjwa wa Crohn, infliksimabu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998. Kweli ni ghali, hata baada ya nakala zake kushusha bei, na hata baada ya Shirika la Afya Duniani kuliingiza kundi hilo la dawa katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Siombi tuanze huko. Sulfasalazini ilitokana na kazi ya Nanna Svartz, profesa wa Stockholm, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930. Aliitafutia baridi yabisi akakuta inawafaa wenye kolaitisi. Ni dawa ya zamani, ya vidonge, na imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani. Wengi wenye kolaitisi ya wastani hutulia nayo. Ambaye hatulii, au ambaye kila akiacha prednisoloni anaanguka, huongezewa azathioprini, nayo ni vidonge vya zamani. Huchukua miezi miwili mitatu kabla ya kuonesha nguvu, na inataka picha kamili ya damu mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa kuwa inaweza kushusha chembe nyeupe. Picha ya damu inafanywa hospitali za wilaya. Kinachovunja tiba hii zaidi ya bei ni kukatikakatika. Mgonjwa akitulia Machi, akakosa dawa Aprili na Mei kwa kuwa Bohari ya Dawa haikuletewa oda, Juni atalazwa, na gharama ya kulazwa siku kumi na chupa za damu inazidi vidonge vya mwaka mzima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatupa nafasi ya kuamua mapema: kitita cha huduma kiyataje magonjwa haya miongoni mwa magonjwa sugu, na kiruhusu dawa za miezi kadhaa kwa mara moja.

Wapo watakaosema mabingwa wa mfumo wa chakula ni wachache na kamera ziko hospitali kubwa tu, kama Muhimbili, KCMC na Bugando. Ni kweli, na hawataongezeka kwa barua. Lakini kutambua kunahitaji bingwa mara moja au mbili. Kutunza ni kazi ya miaka ambayo afisa tabibu na muuguzi wanaiweza wakipewa maandishi. Tulilijibu swali hilihili tulipoanza kutoa dawa za VVU nchi nzima mwaka 2004. Kliniki za tiba na matunzo ya VVU (CTC) zilifundisha nchi kwamba mtu wa kijijini anaweza kuwa na kadi, namba, tarehe ya kurudi, kipimo cha damu na mtu wa kumtafuta asipoonekana. Chumba kimoja katika hospitali ya mkoa, siku moja kwa mwezi, kinatosha kuanzia. Humo mgonjwa ataulizwa anakwenda choo mara ngapi, usiku anaamka au haamki, damu ipo au haipo, uzito umepanda au umeshuka. Anayehara damu mara sita au zaidi kwa siku, akiwa na homa, au moyo ukipiga zaidi ya mara 90 kwa dakika, atajulikana papo hapo kuwa ni wa kulazwa. Ataambiwa pia jambo ambalo wagonjwa wengi hawajaambiwa na yeyote. Magonjwa haya huumiza viungo, na kwetu mtu akiumwa magoti hukimbilia diklofenaki. Dawa hiyo na jamii yake zinaweza kuuamsha ugonjwa wa utumbo uliokuwa umetulia. Kuliandika hilo kwenye kadi hakugharimu kitu. Kadhalika mwenye Crohn aambiwe kwamba sigara inamwongezea ugonjwa, na mama mjamzito aambiwe asitupe dawa zake kwa hofu, kwa kuwa kwa dawa nyingi zinazotumika hatari kwa mimba inatokana zaidi na ugonjwa uliochachamaa. Methotreksati ndiyo ya kukatazwa kabisa.

Kuhusu vyakula na mitishamba nitasema machache. Hakuna chakula kimoja kilichothibitishwa kuleta au kuponya magonjwa haya, ingawa kila mgonjwa hujifunza kinachomkera wakati tumbo limewaka, na kwa watoto wenye Crohn lishe maalumu ya maji kwa wiki 6 hadi 8 ina ushahidi mzuri wa kutuliza. Anayekwenda kwa mganga simlaumu. Alikwenda baada ya sisi kumpa jibu lilelile mara nne.

Limebaki pingamizi la vipaumbele. Malaria inaua watoto, wajawazito wanapoteza damu, na mimi naomba kamera kwa ajili ya utumbo. Nalipokea kwa uzito wake, na jibu langu ni kwamba siombi mfuko mpya. Kamera hiyohiyo ndiyo inayoona saratani ya utumbo mpana, kichocho, kifua kikuu cha utumbo na chanzo cha damu isiyojulikana. Mtaalamu wa patholojia anayesoma kinyama cha kolaitisi ndiye anayesoma cha saratani. Na mazoea ya sasa si ya bure. Kila dozi ya metronidazoli na siprofloksasini anayopewa mtu asiye na maambukizi inalipiwa na mtu, mara nyingi mgonjwa mwenyewe kwa kuuza mbuzi au kukopa kikoba, na inaongeza usugu wa dawa ambao Wizara yako inaupigia kelele kila mwaka. Mtoto wa jirani mwenye kuhara damu kwa kweli, kwa bakteria wa kweli, ndiye atakayekuja kukosa dawa inayofanya kazi. Kuwatenga wenye uvimbe sugu kutoka kwenye foleni ya maambukizi kunawafaa hata wasiougua.

Ninachoomba kiandikwe basi ni aya moja fupi, yenye kikomo cha wiki nne na dozi mbili. Yenye kudai choo kibichi kisomwe mapema, VVU, kifua kikuu na kichocho vitafutwe kabla ya prednisoloni. Yenye tarehe ya kurudi kwenye kamera kwa kila anayejaribiwa dawa za kifua kikuu. Mahali ambapo kuna uwezo, kipimo cha kalprotektini kwenye choo kiongezwe, kwa kuwa kiwango kilicho chini ya mikrogramu 50 kwa gramu kinasaidia kumtoa mwenye tumbo la wasiwasi tu asipelekwe kamera bure, ingawa hakimtofautishi mwenye maambukizi na mwenye kolaitisi. Sulfasalazini na azathioprini zikadiriwe kwa idadi ya wagonjwa waliosajiliwa, na MTUHA iwe na mstari wa kuwaandika. Aya hiyo isiwekwe katika kurasa za mabingwa. Iwekwe mara tu baada ya maelezo ya kutibu kuhara damu, ambako tabibu wa zahanati atakuwa ameshafungua ukurasa, kalamu mkononi, akitaka kuandika metronidazoli kwa mara ya tatu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa makala za afya,
Dar es Salaam.